Sirizi za vitabu zinazosomwa na dunia nzima, nizisome au niachane nazo?

BintiLigula (Mtwara mjini)

Habari zenu wadau, poleni na joto. Naomba ushauri wa dhati, hili jambo linanisumbua wiki ya pili sasa na hapa kazini sina wa kumuuliza.

Binamu yangu kamaliza chuo Dar, karudi na mizigo yake yote, alafu kapata kazi Liwale kaondoka, kaniachia boksi la salfa limejaa vitabu. Nimelifungua nakuta Harry Potter vyote saba vimepangwa kwa namba, cha kwanza chembamba tu, cha tano kinene kama tofali la kuchoma. Chini yake kuna vitatu vya Hunger Games. Kaniambia dada soma, dunia nzima imesoma umebaki wewe.

Sasa hilo neno la dunia nzima imesoma ndo linanifanya nisite. Mimi ni msomaji, hapa steshenari nikikosa mteja wa kutoa kopi nasoma, nimekua na riwaya za Kiswahili za kuazima mtaani tangu darasa la tano, zile ambazo kava lilishatoka zamani na jina la kitabu unaambiwa kwa mdomo. Lakini kitu kikisifiwa na kila mtu nahisi nasukumwa tu. Na yalishanikuta. Nilipokuwa kidato cha nne bweni zima lilikuwa linasoma Twilight, ile ya binti na mnyonya damu, viko vinne, nikajilazimisha ili na mimi niwe na la kuongea jioni, nikaishia katikati ya cha pili. Basi nilikaa karibu mwaka mzima sijashika kitabu chochote cha Kiingereza, naamini kabisa tatizo ni mimi. Inaniuma mpaka leo ule mwaka.

Alafu muda. Hivyo saba nimejumlisha kurasa zinapita 3,400, na Kiingereza changu ni cha polepole, kamusi pembeni. Msimu wa korosho ukifunguliwa hapa ni kopi za vitambulisho na fomu kutwa nzima, nikifika nyumbani macho hayataki tena maandishi.

Na kuna mama. Alimuuliza mdogo wangu hicho kitabu kinahusu nini, dogo akajibu ni shule ya wachawi. Mama akasema hicho kitabu hakilali ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo boksi liko dukani chini ya meza ya mashine ya kopi.

Nisome au niachane nazo? Naomba mtu asinijibu "soma tu", aliyesoma aniambie alipata nini, na aliyeacha aniambie kilichomtoa.

Mkorosho_Mkavu (Masasi)

Achana nazo dada, nakwambia kutoka moyoni.

Mimi niliingia kwenye ile ya George R.R. Martin, ile ya Game of Thrones, baada ya kuona sizoni yake kwenye tivii, nikaagiza vitabu kwa mtu anayetoka Dar, vitano, vizito, hela ya kilo kadhaa za korosho ilikwenda hapo. Cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, na cha sita mpaka leo naandika hapa hakijatoka. Sizoni ikamalizika 2019 na mwisho wao wenyewe. Sasa mimi nina watu nimewaacha wamesimama kwenye theluji tangu sijaoa, leo nina watoto wawili. Hilo linaumiza kuliko kitabu kibaya, maana kitabu kibaya unakifunga unasahau.

Na jingine, hivi Shaaban Robert umemmaliza? Adam Shafi umemmaliza? Usiku wa mtu ni mfupi, ukimpa mwandishi wa Uingereza kurasa 3,400 za kamusi pembeni huyu wa kwetu anasoma nani? Wale wana dunia nzima nyuma yao, hawatapungukiwa na wewe. Vya kwetu vinakufa kwa kukosa wasomaji, hata kuvipata madukani siku hizi ni kazi.

mwl_wa_Tandahimba

Shikamooni wakubwa. Mkorosho kaka yangu hapo kwenye vitabu vya kwetu uko sahihi kabisa na ntarudi kwake, ila kwa huyu dada naona umemfungia mlango mapema.

Nafundisha Kiingereza sekondari. Shule yetu ilikuwa na kopi moja tu ya Harry Potter ya kwanza, sijui ilifikaje, iko kwenye kabati la ofisi pamoja na vitabu vya mitihani ya zamani. Siku moja kipindi hakina mwalimu nikaingia kidato cha pili nikawasomea sura ya kwanza kwa sauti ili wakae kimya. Baada ya kengele wakanifuata watoto kama kumi na tano wanataka kuazima. Kitabu kimoja. Nikafikiria usiku kucha alafu nikafanya kitu ambacho mkutubi yeyote angenilaani, nikachukua wembe nikakikata mgongoni vipande vinne, kina sura 17, kwa hiyo nne, nne, nne na cha mwisho tano, kila kipande nikakishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, nikakivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Wanne wakawa wanasoma kwa wakati mmoja, anayemaliza cha kwanza anapanga foleni ya cha pili.

Kilichofuata sijawahi kukiona na kitabu chochote cha mtaala. Wakaanza kulindana, mwenye kipande cha tatu anakatazwa kuongea mbele ya ambao hawajafika. Kuna kijana mmoja muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake darasani, akaja kugonga kwangu saa kumi na mbili asubuhi, umande bado kwenye majani, kabla hata ya salamu ananiuliza mwalimu kipande cha nne kimerudi? Kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikabaki nimeushika hivyohivyo.

Sasa kuhusu kupendwa na dunia nzima. Kile kitabu kilipotoka 1997 wachapishaji kadhaa walikuwa wameshakikataa, na waliokubali walitoa kopi 500 tu za jalada gumu, nyingi zikaenda maktaba. Hapo hakuna dunia nzima, hapo kuna watoto wanaambiana kama hawa wangu. Cha saba kilipotoka Julai 2007 ndo kikauzwa milioni 11 kwa siku moja Uingereza na Marekani, na leo vyote pamoja vimepita milioni 600 kwa lugha zaidi ya 80. Lakini matangazo yaliwakuta wasomaji wapo tayari. Ndo maana nakwambia dada umaarufu peke yake haukwambii kitu, inabidi uangalie umeanzia wapi, kuna ulioanzia kwa msomaji na kuna ulioanzia kwenye bango.

Tathmini yangu bila kuficha. Cha kwanza na cha pili ni hadithi za watoto, nzuri, nyepesi. Cha tatu ndo mwandishi kakaa sawa, kwangu ndo bora kuliko vyote. Cha nne kinaanza kuwa na vifo na hapo vitabu vinanenepa, cha kwanza kina kurasa 223 na cha tano 766, na cha tano kwakweli kimezidi, kijana kakasirika kutoka mwanzo mpaka mwisho, niliruka kurasa nyingi na stori haikunipotea. Cha sita na cha saba vinakurudisha.

Na kamusi iweke mbali dada. Yale maneno yatakayokukwamisha mengi kayatunga mwandishi mwenyewe, Quidditch, Muggle, hutoyakuta, nilimuona mwanafunzi anahangaika na kamusi dakika ishirini anatafuta Muggle na wala sio Kiingereza, ni jina wanalowaita watu wa kawaida wasio na uchawi, anaelezwa kurasa chache mbele. Soma kama unavyomsikiliza mgeni anayeongea haraka, neno moja likikupita subiri sentensi inayofuata.

Mzee_Nachingwea

Wanangu, nawasoma hapa nimefurahi sana kuona vijana wanabishana kwa ajili ya vitabu.

Mnaongea kama sirizi za kusomwa na kila mtu ni kitu cha Wazungu. Hapana. Sisi tulikuwa nazo. Alikuwepo Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na kiko chake mdomoni na Najum pembeni yake. Kile cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 50 kikachapishwa 1960, vikafuata vingine na vingine, hadi 1984 bado Bwana Msa yupo. Wapo waliosema kamuiga Sherlock Holmes. Sisi hilo halikutuhusu, tulitaka kujua nani kaua.

Halafu miaka ya 70 akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba. Mwanangu, hapa Nachingwea Kufa na Kupona hakikuwa kitabu cha kupitishia muda. Kinahusu nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar, majasusi wa Mreno wamo, na sisi kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa hapa hapa, malori tunayaona yanapita, wapiganaji tunapishana nao sokoni. Kwa hiyo ukisoma unaangalia dirishani. Walimu wetu walikuwa wanavikamata na kuvifungia, wanasema vinaharibu watoto, vina pombe na wanawake. Ni kweli vilikuwa na pombe na wanawake. Na ni kweli pia kwamba darasa letu lilijifunza kusoma haraka kwa sababu kitabu kinakaa kwako usiku mmoja, asubuhi kuna mtu anakisubiri.

Kopi iliyonifikia mimi ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho, watu walikuwa wanasokotea tumbaku. Nikakaa na Willy Gamba wangu amebanwa, sijui kama katoka. Ilinichukua wiki kumpata mtu aliyesoma mpaka mwisho, dereva wa lori la korosho, nikamkuta anafunga turubai, akanisimulia mwisho wote amesimama juu ya magunia na kamba mkononi, mimi niko chini nimeinua shingo. Miaka mingi baadaye nikakipata kitabu kizima Dar es Salaam, nikaenda moja kwa moja nyuma. Mwisho wa dereva ulikuwa wake mwenyewe. Sikumkasirikia hata kidogo, na hadi leo nikimkumbuka Willy Gamba inanijia miisho yote miwili.

Binti, mimi hicho cha kijana wa Kiingereza sijakisoma, mjukuu wangu kakisoma. Lakini nakueleza kwamba sisi hatukusoma Willy Gamba kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inamsoma. Tulisoma kwa kuwa rafiki alikuwa nacho na ukimaliza kuna wa kuongea naye njiani kurudi nyumbani. Huko bwenini ulikosea kitu kimoja tu, ulianza na maongezi ukataka kitabu kikufikishe kwenye maongezi. Jaribu kuanza na kitabu.

Na Mkorosho mwanangu, nakuunga mkono, vya kwetu visomwe. Ila wanaosoma vya kwetu wengi nimewaona ni walewale wanaosoma na vya watu. Asiyesoma hasomi vyote.

abiria_wa_kusini

Fupi tu. Mwezi wa tano 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga nilikuwa kwenye basi natoka Dar, tulilala njiani, mabasi yamepanga mstari huoni mwisho, chaji imeisha, bando halina kazi. Kwenye begi nilikuwa na Harry Potter cha kwanza peke yake, nilichukua kwa mtoto wa dada. Nilikimaliza nimekaa juu ya jiwe la barabarani. Na kiliisha, yaani hadithi ilifungwa, sikuachwa hewani. Kwa hiyo dada hofu ya kurasa 3,400 iondoe, unasoma 223, ukitaka kuishia hapo hakuna atakayekudai. Mpaka leo sijaendelea na cha pili na wala sijutii vyote viwili, kusoma cha kwanza wala kuacha vilivyobaki.

BintiLigula

Asanteni sana, Mzee shikamoo, umenigusa hapo kwenye maongezi na kitabu, ni kweli kabisa ndo nilivyofanya. Mwalimu hapo kwenye kamusi umenisaidia mno sikujua kama maneno mengine ni ya kutunga.

Ila hakuna aliyenijibu kuhusu mama. Kwa wengine inaweza kuonekana ndogo lakini kwangu ndo kubwa kuliko zote. Mama yangu sio mtu wa kukataza ovyo, kauguza watu, kaona mambo, bibi alivyofariki kuna maneno yalisemwa pale nyumbani ambayo mpaka leo ndugu hawaongei. Kwa hiyo neno uchawi kwake sio la stori. Sitaki kusoma kwa kumficha, naona kama namdharau.

mama_wawili_Lindi

Mdogo wangu nimesubiri mtu aseme, nikaona wote wanaume wanakimbia hapo, na mwalimu naye kapita pembeni.

Mimi nina watoto wawili na mume wangu alikuja na msimamo kama wa mama yako, tena mkali kuliko huo. Nikasema sawa, nasoma mimi kwanza alafu nakuletea ripoti. Nilichokikuta ni hiki. Uchawi wa mle ni somo la darasani, wana ratiba, wana mitihani, wana mwalimu mkali anayekata maksi, maneno wanayosema ni ya kutunga kama ya michezo ya watoto. Ule tunaoujua huku kwetu, wa husuda, wa ndugu kumfunga ndugu, haufundishwi. Anayefanya mambo yanayofanana na hayo ni yule mbaya wao, anayeua ili yeye asife, na kitabu chote kipo upande wa wanaompinga. Nikamweleza mume wangu hivyohivyo, na nikamwambia pia yaliyonikera, kuna vitisho humo ambavyo mtoto wa miaka sita asisomewe usiku. Akaridhika nilivyomwambia yote mawili, angesikia mazuri tu asingeniamini.

Kwa mama yako usiende na neno uchawi kabisa, dogo ndo kaharibu hapo. Mwambie mwanzo ulivyo. Mtoto wa mwaka mmoja kafiwa na baba na mama usiku mmoja, kaachwa mlangoni kwa dada wa mama yake, na huyo mama mkubwa na mumewe wanamlaza kwenye kikabati chini ya ngazi miaka kumi, mtoto wao ana vyumba viwili. Mama wa Kimtwara akisikia hivyo uone kama atakuuliza habari ya fimbo za uchawi. Akisikiliza na bado akakataa, muachie, nyumba ni yake, wewe soma hapo dukani na akijua unasoma dukani hujamficha kitu.

Chikongola_Kwetu

Wote mmekazana na Harry Potter mmesahau kuna vitatu vingine chini ya boksi. Naomba niviongelee mimi, ni vitabu ambavyo nina deni navyo.

Mei 2013, zile siku za vurugu za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar, wenye umri wangu hapa mjini hawahitaji kuelezwa. Maduka yamefungwa, mabomu ya machozi unayasikia ukiwa jikoni, baba kasema hakuna mtu kutoka nje. Nilikuwa na Hunger Games ya kwanza ya Suzanne Collins, niliazima kwa rafiki kwa sababu ya fasheni tu, filamu ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma na kila mtu anaiongelea, mimi nikaona ni mambo ya mishale na mapenzi. Nikaanza kusoma sababu hakuna cha kufanya.

Kuna nchi inaitwa Panem, ina wilaya 12, kila wilaya inazalisha kitu, hawa makaa ya mawe, hawa samaki, hawa mazao ya shambani, vyote vinakwenda Capitol, mji wao mkuu, na wilayani watu wanalala njaa. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wakapigane mpaka abaki mmoja. Sitaki kusema Mtwara ni Panem, hapana, sio hivyo, na sikiongezi chumvi. Nasema kwamba nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nje kuna moshi, watu mtaani wanabishana kitu kinachotoka kwao kinakwenda wapi, alafu kitabu cha mama wa Kimarekani kinauliza swali hilohilo.

Kuna sehemu mtoto wa miaka 12 anaitwa Rue, wa wilaya ya kilimo, anamwambia Katniss, yule msichana anayesimulia hadithi, kwao hawaruhusiwi kula mazao wanayovuna, wanachapwa. Hapo nilifunga kitabu. Mama yangu alikuwa anabangua korosho kwa kupimiwa, vidole vimeungua na mafuta ya ganda, anapaka majivu. Nzima zinakwenda kwenye mzani, sisi watoto tulikuwa tunakula zilizovunjika. Nzima nilianza kula mkubwa kabisa, kwenye harusi ya mtu, na niliangalia huku na huku kwanza. Hakuna aliyekuwa ananichapa, mama alikuwa anatulisha kwa hizohizo, lakini yule mtoto Rue nilimjua.

Kwa hiyo dada, ningeikwepa ile kwa sababu ni maarufu ningekosa kitabu kilichonikuta nilipokuwa. Vimetoka 2008, 2009 na 2010, vimeisha, Mkorosho hapo hana cha kulalamika. Mwandishi katoa vingine viwili vya matukio ya nyuma baadaye, 2020 na 2025, hivyo sio lazima. Kiingereza chake ni chepesi kuliko Harry Potter, sentensi fupifupi, anayeongea ni msichana wa miaka 16. Cha tatu kinachosha na kina huzuni nyingi, nakwambia mapema.

Mkorosho_Mkavu (Masasi)

Chikongola nimekusoma mara mbili, asante kwa kuandika. Sikujua hicho kitabu kina hayo, nilikiweka kapu moja na vile vya mabango.

Msimamo wangu ubaki palepale upande mmoja. Mzee kasema asiyesoma hasomi vyote, ni kweli, lakini mzee wewe ulimpata Willy Gamba kijijini. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la sita, Harry Potter anaweza kuipata kwenye simu kwa dakika mbili, Bwana Msa nimemtafutia Masasi nzima mpaka nikaagiza Dar, kaja kopi ya zamani ina harufu ya mchwa. Hicho ndo kinanikera. Kwa hiyo BintiLigula soma, nimelegeza, ila nakuomba kitu kimoja, wewe una mashine na uko stendi watu wanapita, weka hata rafu moja ya riwaya za Kiswahili za kuazimisha hapo dukani. Mia tano kwa wiki. Mimi ntakuletea za kwangu nikishuka Mtwara kwenye mnada.

mwl_wa_Tandahimba

Kaka hapo umenena, na mimi nina boksi. Za kwangu zina kurasa za mwisho, Mzee asiwe na shaka.

BintiLigula

Jamani nimerudi, ni siku tisa sasa.

Nilianza Jumatatu iliyopita hapa kaunta, umeme ulikatika mashine zikalala, nikatoa cha kwanza nikakaa mlangoni kwenye mwanga. Kamusi niliiacha kwenye droo. Sura mbili za mwanzo nilipotea kidogo ila sikurudi nyuma, nikafanya kama mwalimu alivyosema nikasubiri sentensi inayofuata, na kweli inakuja. Niko sura ya sita. Hunger Games nimeihifadhi, nataka kuisoma nikiwa nimetulia, Chikongola umenifanya niogope kuianza nikiwa na wateja.

Rafu nimekubali, fundi anatoa mbao zilizobaki kwenye kazi yake. Mkorosho usisahau za kwako.

Mama nilimwambia juzi usiku, tulikuwa tunamenya ming'oko, mdogo wangu kalala. Nikaanza kama dada wa Lindi alivyonielekeza, mtoto kafiwa, kikabati chini ya ngazi. Hakusema kitu, anamenya tu. Nikaendelea mpaka pale barua zinaanza kuja, imeandikwa jina la yule mtoto na kikabati chake kabisa, na yule baba mkubwa anaipiga moto kabla mtoto hajaisoma, zinakuja nyingine anazichana vipande, anagongelea misumari kwenye tundu la mlangoni. Mama akaacha kumenya, kisu kiko hewani, akaniuliza barua ya yatima anaichana yeye kama nani?

Nikamwambia mama hapo ndo nilipoishia kusoma leo, kitabu kiko dukani. Akanyamaza kidogo akachukua mng'oko mwingine.

Jana natoka asubuhi kanifuata mpaka mlangoni, anasema jioni ukirudi uje nacho.